Shati la Jumamosi

Kuna msomaji mmoja, hakutaka kuweka jina, ameniletea barua kupitia gazeti hili. Anasema wiki iliyopita nilidanganya. Anasema mtu aliyeshika pasi miaka tisa hawezi kuunguza gauni la bibi harusi kwa bahati mbaya.

Ndugu yangu, gauni lile liliungua kwa bahati mbaya. Naapa. Lakini kuna nguo ya pili, ndiyo hii ya leo, na kuhusu hiyo siapi.

Aliyechelewa asogee nimpe kwa ufupi. Mimi ni dobi. Niliolewa na fundi wa majokofu, mwanamume mwenye mikono ya baridi na maneno ya moto. Tukapata mtoto wa kike, tukamwita Bibi kwa ajili ya mama mkwe wangu, akakaa nasi siku kumi na moja. Baada ya hapo mume wangu akaenda mji wa mbali kutafuta kazi. Alisema miezi sita. Ikawa miaka minne.

Nilibaki na mama yake mpaka nikamfumba macho kwa mkono huu. Kisha nikabaki na dada yake, wifi yangu, mwanamke asiyejua kusema maneno mawili pale ambapo moja linatosha. Ndipo nikaunguza gauni la watu na kufukuzwa kazi. Mliponiacha nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, sina kazi, sina mtoto, na mume wangu ni sauti tu kwenye simu.

Haya. Siku ya tatu tangu nifukuzwe, asubuhi, wifi alikuwa nyuma ya nyumba anaongea na simu. Maneno sikuyasikia. Nilisikia tu akinyamaza, akinyamaza tena, halafu akakata. Akaingia ndani macho mekundu, akajisingizia moshi, na jiko lilikuwa halijawashwa.

"Mdogo wangu amepiga," akasema. "Anataka mtu wa kwao afike kabla ya Jumamosi. Nenda wewe."

Mimi, maskini ya Mungu, katika maneno yote hayo nilisikia moja tu, nenda. Mtu wa kwao ni nani kama si mkewe? Nilikimbilia sanduku kabla hajamaliza kufuta macho.

Nikataka kumpigia mume wangu nimwambie nakuja. Wifi akanipokonya simu. Akasema ameshamwambia mgeni wake anakuja, inatosha. Kisha akajifungia sebuleni na sindano yake. Alipotoka alikuwa na kifurushi bapa, kigumu, ukubwa wa sinia, kimeshonewa ndani ya kitambaa pande zote nne.

"Mpe mkononi, mbele ya watu," akasema. "Usikifungue njiani."

Nikamuuliza ni nini. Akasema ni mali ya mdogo wake aliyoisahau. Wakati natoka niliona ukutani sebuleni pana alama nyeupe ya mraba, picha imeshushwa. Nikadhani anataka kuifuta vumbi. Mwenye safari haulizi ya ukutani.

Sasa niwaeleze kuhusu mji ule kama nilivyousikia, kabla sijawaeleza kama nilivyouona.

Kwa miaka minne mume wangu aliusifu mji ule kwenye simu. Alisema kuna jengo la ghorofa saba, ukiwa juu unaona mpaka milima. Alisema kuna bustani katikati ya mji, samaki anatema maji juu na watoto wanacheza chini. Lakini lililonimaliza mimi ni la kiwanda cha sabuni. "Mke wangu," aliniambia, "mji huu mzima unanukia sabuni." Mwambie mtu mwingine hivyo, ataitikia tu. Mwambie dobi, atalala macho wazi. Nilikuwa nikivuta hewa kitandani nikijaribu kuisikia harufu yake.

Basi lilitakiwa kufika saa tatu asubuhi. Lilipasukiwa matairi mara mbili, likafika saa nane mchana. Mlango ukafunguliwa, na mimi nikawa wa kwanza kushuka, nimevuta pumzi tayari.

Hewa ile ilikuwa mafuta ya ng'ombe yanayochemka, mafuta ya zamani, mafuta yaliyokasirika. Nikamuuliza mama niliyekaa naye kiti kimoja njia nzima, kuna nini kimekufa hapa. Akanyoosha kidole kwenye bomba la moshi. "Si kiwanda cha sabuni hicho. Wewe ulidhani sabuni inapikwa kwa maua?"

Miaka tisa nimeshika sabuni, sikuwahi kujiuliza imetoka wapi. Mume wangu alisema mji unanukia, kumbe unanuka. Tofauti ni herufi moja. Nikamsamehe, nikasema labda simu ilikwaruza.

Mji wenyewe haukunikaribisha. Niliwasalimu watu watatu pale stendi. Wa kwanza alidhani naomba, akanipungia mkono wa hapana. Wa pili akanionyesha choo kilipo. Wa tatu akaitikia vizuri kabisa, nikafurahi, kumbe alikuwa anaongea na simu.

Mume wangu sikumwona. Nilizunguka stendi nzima na sanduku langu, kifurushi nimekikumbatia kifuani, nikiangalia kila mwanamume mrefu. Mwisho akanifuata mzee mmoja mwenye mkokoteni, akaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia kwa fundi wa majokofu.

"Aa, wewe ndiye ndugu yake," akasema. "Fundi alikuwa hapa tangu alfajiri. Wamemfuata kutoka hospitali, jokofu la chumba cha maiti limezima. Wateja wale hawalalamiki, dada, lakini hawangoji."

Akasema Fundi amemwachia maagizo, mgeni akifika apelekwe nyumbani moja kwa moja. Akaweka sanduku langu mkokotenini. Nikamfuata, moyo umetulia kidogo. Aliningoja tangu alfajiri. Hilo nililibeba pamoja na kifurushi.

Njiani nikamwomba anionyeshe jengo la ghorofa saba. Akasema tumeshalipita. Nikageuka. Zilikuwa ghorofa mbili na nusu, na juu yake nondo zimesimama wima na kutu. Nikamuuliza, na zile nyingine? Mzee akasema saba ziko kwenye ramani, mwenye ramani alihama.

Bustani nayo tuliifikia. Palikuwa na samaki wa saruji kweli, mdomo wazi, mkavu, na mtu amemchomekea chupa tupu kooni. Chini yake hapakuwa na watoto. Palikuwa na magodoro mawili yameanikwa, na mwenye magodoro amelala kivulini mwa mkia.

Nikaendelea kumtetea mume wangu kimoyomoyo. Labda maji yalikuwepo, mimi ndiye nimekuja kuyakuta yamekatika. Labda aliniambia mji utakavyokuwa. Nilikuwa nimezoea kumtetea kwa mama yake, kwa majirani, kwa wateja wa dobi. Sasa nilikuwa namtetea kwa samaki.

Tukafika. Uani pana vyumba viwili, mlango wa bluu, na kamba ya nguo. Kwenye kamba mashati manne.

Dobi hatambui nguo kwa rangi, kwa maana mashati meupe ya dunia nzima ni ndugu. Hutambua kwa alama. Mume wangu alipoondoka, nilimshonea kila shati msalaba mdogo wa uzi mwekundu ndani ya kola, ili popote atakapofuliwa asije akapotezewa. Nikageuza kola ya kwanza. Uzi wangu ulikuwepo. Umepauka, lakini upo. Niliweka shavu kwenye shati lile, na mzee wa mkokoteni akageukia upande wa pili kwa heshima.

Halafu ufundi ukanipanda kichwani, nikaanza kuyakagua. Kola zimesuguliwa kwa brashi laini, si kwa jiwe. Mashati yameanikwa kwa pindo la chini, si kwa mabega, ili yasiote masikio. Vifungo vyote vipo. Nikasema moyoni, aliyefua haya anampenda mwenye nayo. Nilisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, na bado sikuelewa. Akili ikiwa na furaha ni kiziwi.

Mlango wa bluu ukafunguka. Akatoka mwanamke kijana, tumbo mbele, mimba ya kama miezi minane, mikono ina povu. Akaniangalia, akaliangalia sanduku, na machozi yakamlengalenga.

"Wifi," akasema. "Karibu, wifi yangu. Nimekungoja mpaka miguu imevimba."

Akanikumbatia na povu lake. Na mimi nikamkumbatia. Siku hizi ukisema wifi, watoto wanakuuliza neno la siri, lakini sisi wa zamani tunajua uzito wake. Akikuita wifi mwanamke usiyemjua, basi huyo ni ndugu wa mume wako. Na nilikumbuka mwaka ule wa kwanza mume wangu alisema kwenye simu, nimepata ndugu huku, ndiye ananipikia. Nikajua ndiye huyu. Mtoto wa baba mdogo, au wa shangazi, ukoo wao ni mkubwa.

"Asante, wifi," nikamjibu. "Asante kwa kunitunzia."

"Mimi ndiye wa kukushukuru wewe," akasema.

Jamani, mji mzima ulikuwa umenifungia mlango, na huyu mmoja akanifungulia. Alinivua viatu mwenyewe na tumbo lile, nikamkataza, akakataa kukatazwa. Akaniletea maji ya kunawa, akaniletea chakula, akanikalisha kwenye kiti chenye mto, yeye akakaa kwenye kigoda. Kulikuwa na mtoto wa kike, hajafika miaka mitatu, amejificha nyuma ya pazia.

"Bibi, njoo umwamkie mgeni," akamwita.

Nikamuuliza anaitwa Bibi? Akasema ndiyo, amepewa jina la bibi yake. Nikasema wangu, marehemu, naye tulimwita hivyo. Akanishika mkono akasema pole, na jina akadhani ni desturi ya ukoo. Mtoto akaja, akaniamkia, kisha akapanda mapajani mwangu bila kuombwa. Alikuwa mzito. Wangu hakupata nafasi ya kuwa mzito.

Tukazungumza mchana ule kama watu waliochelewa kujuana. Alisema Fundi hana hadithi nyingine ila mimi. Alisema ananisifu jinsi nilivyomuuguza mama mpaka siku ya mwisho. Nikasema nilitimiza wajibu. Akasema, hapana, wifi, si kila mtu angeweza, Fundi anasema bila wewe asingekuwa mtu.

Nilishika glasi ya maji nikajifanya nakunywa. Miaka minne nilikuwa nangoja maneno yale. Hakuwahi kunipa mwenyewe, kumbe anayaacha kwa watu, nikakute nimewekewa. Nikasema Mungu hamtupi mja wake. Ghorofa mbili na nusu zikanitosha. Hata harufu ile ya mafuta nikaanza kuiona ya kawaida.

"Na ile ya mto," akasema, "kila akiisimulia analia. Ulivyombeba mgongoni mkavuka mafuriko."

Nikacheka. Mume wangu na mafumbo yake. Nikasema kweli, nimembeba sana, na mto ulikuwa mpana. Akacheka na yeye. Tukacheka wote wawili, kila mmoja na lake.

Baada ya chakula akatandika blanketi mezani, akachomeka pasi, akatoa shati jipya jeupe ndani ya mfuko wake. Tumbo lilimzuia kuifikia meza, akawa anainama kwa ubavu. Roho ya dobi haivumilii. Nikamwambia akae, hii ni kazi yangu.

Nilianza na kola, kutoka nchani kwenda katikati, ili isikunje. Nikafuata mabega, pindo za mikono, mikono yenyewe, mgongo. Kifua huwa cha mwisho, kwa sababu ndicho watu wanachokiona. Nilipiga pasi shati lile nikiimba chinichini. Nikawaza kesho nitatafuta uzi mwekundu nimtilie alama yake.

Nikamuuliza kama ni la Jumapili.

"La Jumamosi, wifi," akasema. "Wazee wa kwetu wanakuja. Baba ameapa hapokei posa mpaka amwone kwa macho yake mtu wa kwao Fundi." Akajishika tumbo, akacheka kwa aibu. "Tuna mtoto mmoja na nusu, ndiyo kwanza tunapokea posa. Mnisamehe."

Mtu wa kwao. Maneno yale yale. Nilimsikia wifi yangu wa nyumbani akiyasema, macho mekundu, jiko halijawashwa.

"Posa ya nani?" nikauliza.

Hakujibu yeye. Alijibu mtoto, amekaa chini anachezea vifungo, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa jambo akalikariri.

"Baba anamwoa mama. Shangazi ndiye atasema ndiyo."

Akaninyooshea kidole. Shangazi nilikuwa mimi.

Ndugu zangu wasomaji, shangazi ni dada wa baba. Hakuna njia nyingine ya kulisoma neno hilo. Lakini wifi, wifi ni neno la kwenda na kurudi. Dada wa mume humwita hivyo mke wa kaka yake, na mke humwita hivyo hivyo dada wa mume. Mchana kutwa mimi nilimpokea kama ndugu wa mume wangu anayemkaribisha mke. Yeye alinipokea kama ndugu wa mume wake aliyekuja kumwoza. Neno moja tulikuwa tumelishika ncha mbili, na katikati yake alisimama mwanamume mmoja.

Na zile sifa zote, na ile ya kumbeba mgongoni kuvuka mto, hazikuwa zangu. Zilikuwa za dada yake. Mto ulikuwa mto kweli, wenye maji. Katika miaka minne hakuwa amemwambia mtu yeyote katika mji ule kwamba mimi nipo.

Sasa ewe msomaji wa barua, hapa ndipo pa kukujibu. Pasi ilikuwa kifuani mwa shati. Nilijua iko pale. Niliona kitambaa kikigeuka rangi, kwanza maziwa, kisha chai. Niliona moshi. Mkono ulikuwa wangu na ungeweza kuinuka. Sikuuinua.

"Wifi, shati," akasema yule binti, akaruka na tumbo lake akaivuta pasi.

Ilibaki alama ya pasi nzima, na ncha yake imeelekea kwenye kola. Kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimeharibu nguo ya harusi. Na unajua alisema nini? Alisema kosa ni lake. Alisema amemchosha mgeni, mtu katoka safarini anapewa pasi. Akanikalisha tena kwenye kile kiti chenye mto, akanipepea kwa lile shati lililoungua.

Angenitukana, ningepata pa kushika. Alinipepea.

Ndipo tukasikia sanduku la vifaa likitua barazani.

Mume wangu aliingia akiwa bado anafuta mikono. Amenenepa kidogo. Amependeza. Shati lake lilikuwa safi na kola imenyooka, na ndani ya kola ile najua kulikuwa na uzi wangu. Alikuwa ameshaanza kutabasamu kwa mtu aliyemtarajia. Kisha akaniona.

Sijawahi kuona uso ukifanya kazi haraka namna ile. Ulishtuka, ukaogopa, ukahesabu waliomo chumbani, ukaamua. Yote hayo kabla hajashusha kitambaa cha mikono.

"Dada," akasema. "Karibu, dada."

Yule binti akamweleza kwa furaha kwamba wifi amefika salama, ameshakula, na ameshamuunguzia shati, kwa hiyo sasa ni wa nyumbani. Akasema anamtengea maji ya kuoga, ananuka dawa za maiti. Akamshika mtoto mkono, wakatoka uani.

Tukabaki wawili. Miaka minne nilikuwa nimeipanga dakika ile, nitasimama vipi, nitaanza na neno gani. Nilibaki nimekaa.

"Nani kakutuma?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Dada yako."

"Nilimwita yeye," akasema. "Sikukuita wewe."

Wapenzi wasomaji, nimefiwa na mtoto, nimefukuzwa kazi, nimezika mama mkwe. Mmeyasoma yote humu, wiki baada ya wiki, na wengine mmelia na mimi. Lakini sikuwahi kuambiwa maneno mawili yenye uzito ule. Sikukuita wewe.

Akachuchumaa mbele yangu, akanishika magoti. Akasema yule binti hajui kitu, hana kosa. Akasema mwanzoni alitaka kuniambia, akangoja niwe na nguvu baada ya msiba wa mtoto, halafu siku zikapita, halafu uongo ukawa na chumba chake na vyombo vyake. Mimi nilikuwa naangalia mikono yake kwenye magoti yangu. Bado ilikuwa ya baridi.

"Kuwa dada mpaka Jumamosi," akasema. "Siku mbili tu. Kwa ajili ya mtoto."

"Na Jumapili niwe nani?"

Akatazama sanduku la vifaa kama jibu limo humo. "Tutapanga," akasema.

Nimeahidi gazeti hili kwamba nitakiri, basi nakiri. Nilikaribia kukubali. Mnicheke mnaotaka. Mchana ule mmoja, nikiwa dada wa uongo, nilivuliwa viatu, nilisifiwa, nilipakatishwa mtoto. Kama mke wa kweli, miaka minne, sikupata hata mji unaonukia. Nilijiuliza ni kipi hasa ninachokitetea.

Yule binti akarudi. Akakiona kifurushi pale nilipokiegemeza, ukutani nyuma ya kiti. Akauliza ni nini. Nikasema ni cha Fundi, kimetoka nyumbani, nimeagizwa nimpe mkononi mbele ya watu. Ulimi ulisema wenyewe, kama unasoma.

Mume wangu akakipokea. Vidole vyake vikapita kwenye pembe, moja, mbili, tatu, nne, kisha vikabonyeza katikati, vikagusa kigumu cha kioo chini ya kitambaa. Akajua kabla yangu. Akakiweka juu ya kabati, akasema tutafungua baadaye, amechoka.

"Zawadi ya kwanza kutoka kwenu iwekwe kabatini?" akasema mwenyeji wangu. Akakishusha, akaketi nacho kwenye kigoda, akachukua mkasi.

Hapo ndipo na mimi nikaiona ile alama nyeupe ukutani kwa wifi yangu. Nikaona kilichokuwa pale miaka yote. Mimi nimekaa kwenye kiti cha kuazima, shada mapajani. Yeye amesimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, ndani ya shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe asubuhi ile. Wifi yangu hakuwa na maneno mengi. Alikuwa ameyashonea yote mle.

Ncha ya mkasi ikaingia kwenye mshono wa kwanza.

"Dada," akasema mume wangu. "Dada, mwambie asifungue."

Yule binti akainua macho. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, bado anatabasamu, lakini tabasamu limeanza kuuliza. Mtoto alikuja akasimama pembeni yangu, akaweka mkono wake gotini pangu, pale pale mkono wa baba yake ulipokuwa.

"Wifi," akasema, mkasi wazi. "Nifungue au nisifungue?"

Nilimtazama miguu iliyovimba kwa kuningoja. Nikautazama uzi. Mshono wa wifi yangu naujua, ukikata mmoja hufumuka wote.

"Fungua," nikamwambia.

Nilitaka kumalizia na neno wifi, kwa mazoea ya mchana kutwa. Sikulisema.